Sura ya Tisa: Usukani wa Kilo Sita

Fundi alikuwa ametimiza siku sita mahabusu na bado alinuka grisi. Inspekta alilibaini hilo kabla hajavuta kiti. Kuna watu ambao kazi imewaingia kwenye ngozi. Uwafungie popote, ukiwanusa tu unajua uliwakatiza wakifanya nini.

"Umekunywa chai?"

"Nimeletewa. Baridi kama mkono wa maiti."

"Saa nane mchana unapelekwa mahakamani. Kusababisha kifo kwa uzembe. Unajua?"

"Koplo ameniambia. Tena ameniambia akicheka."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Inspekta alilifungua jalada, jembamba kuliko daftari la mtoto wa chekechea. Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, gari jekundu la spoti, la viti viwili, kongwe kumzidi Inspekta mwenyewe, lilishindwa kukata kona ya ghala la nafaka. Likapanda ukingo na kumkuta mshonaji, binti wa miaka ishirini na mitatu, akitoa cherehani yake barazani. Hakufika hospitali. Mwenye gari kwa mujibu wa usajili, daktari wa meno, aliandikisha maelezo kwamba alikuwa anaendesha yeye na kwamba pampu ya usukani, iliyotengenezwa na Fundi huyu Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, ilimfia mikononi. Mkaguzi wa magari alikuwa likizo; ripoti yake ilikuwa ukurasa mtupu wenye muhuri mzuri. Daktari alikuwa ameshawaziba meno nusu ya wakubwa wa kituo. Fundi alikuwa na gereji ya mabati. Koplo hakuona sababu ya kuchunguza zaidi, na kesi ilikuwa yake mpaka jana jioni, Inspekta aliporudi kutoka safari na kukabidhiwa jalada liende kufungwa.

"Pampu uliifanyaje?"

"Pampu sikuigusa."

Inspekta aliinua macho. "Rudia."

"Pampu sikuigusa, Afande. Ilikuwa nzima. Niligusa boksi la usukani."

"Maelezo yako hapa yanasema pampu."

"Yameandikwa na Koplo. Nilimwambia boksi. Akaniambia boksi, pampu, yote si ya usukani? Weka sahihi tukale."

Inspekta aliifunika kalamu yake, akaifunua tena. "Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kushika spana."

Fundi alisogea mbele. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega yake yalifanana na ya mtu mwenye kazi. "Ndani ya boksi kuna kijifimbo cha chuma, chembamba kama kalamu hiyo. Ukikata usukani, kinajisokota kidogo. Kikijisokota, mafuta ya pampu yanapata njia, yanakusaidia kusukuma. Kikiwa chembamba, hata kidole kinatosha kukisokota. Msaada unakuja kabla hujauomba. Kikiwa kinene, mkono wako ufanye kazi kwanza ndipo usaidiwe. Magari yale yalitoka kiwandani na kijifimbo chembamba mno. Unaendesha kama unakoroga maji kwenye beseni. Hujui tairi liko kwenye lami au kwenye matope."

"Na wewe ukaweka kinene."

"Wapenzi wa spoti wengi wanataka hivyo. Wanataka barabara iwafikie mikononi."

"Daktari naye alitaka barabara imfikie mikononi?"

Fundi alikuna kidevu chenye ndevu za siku sita. "Hapo ndipo sikumwelewa. Alilizungusha mtaani, akarudi, akasema bado laini, ongeza. Nikaweka kinene zaidi. Akazunguka tena. Halafu akaniuliza kitu ambacho mteja hajawahi kuniuliza: mtu mwenye mikono dhaifu ataliweza hili? Nikamwambia atahangaika. Akasema, basi, sawa. Nilidhani anaogopa wezi."

"Wezi wenye mikono dhaifu?"

"Mimi ni fundi, Afande. Maswali ni kazi yako."

"Kuna mtu aliyesikia hayo?"

"Kuna kadi. Gari lolote nikiligusa breki au usukani, naandika kadi, mwenyewe anaweka sahihi. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi. Siku ya kunikamata nilimwonyesha Koplo. Akasema atarudi kuichukua."

"Alirudi?"

"Muulize yeye. Mimi sikuwa na nafasi ya kutoka."

* * *

Inspekta alikuwa na mizani ya ndoano, ya aina wanayotumia wauza nyama, na kwa ajili yake kituo kizima kilimwita Mizani, wala si kwa mapenzi. Aliitia mfukoni, akamtoa Fundi na pingu zake, akamwamuru Koplo aendeshe.

Gereji ilikuwa na kufuli la polisi na magari mawili ya spoti ya wateja. La bluu lilikuwa pacha wa lile jekundu: kiwanda kimoja, mwaka mmoja, boksi bado la kiwandani. La kijani lilikuwa la zamani zaidi, halina pawa kabisa, yaani hakuna pampu ya kumsaidia dereva.

Inspekta aliwasha la bluu, akatia ndoano kwenye mduara wa usukani, akavuta taratibu kuufuata mduara ule. Mshale haukujishughulisha.

"Kilo mbili."

"Beseni la maji," alisema Fundi.

Akaingia kwenye la kijani. Akavuta. Akakaza meno, akavuta tena mpaka kiti kikalia.

"Kumi na sita."

"Hilo ndilo la kuua watu," Koplo alisema, ameegemea mlango, meno yote nje.

"Sukuma gari, Koplo," Fundi akamwambia.

"Nani asukume?"

"Sukuma," alisema Inspekta.

Koplo alitazama kulia na kushoto, akavua kofia, akainama nyuma ya gari. Gari lilianza kwenda kwa mwendo wa watu wa msibani. Inspekta akavuta mizani. Mshale ulishuka mpaka saba, kisha sita.

"Umeona?" Fundi aliwafuata kwa hatua fupi, pingu zikilia. "Gari lisilo na pawa linakutesa likiwa limesimama. Likishatembea linalegea, na ukikimbia linalegea zaidi. Kwa hiyo hata kama pampu ingekufa kweli, kona ile asingeshindwa. Mtu wa miaka arobaini na mitano, kutwa nzima anang'oa magego!"

"Naweza kuacha?" Koplo aliuliza kutoka nyuma, jasho likimchuruzika.

"Endelea kidogo," alisema Inspekta, ingawa alikuwa ameshapata alichotaka.

Kadi ilikuwa kwenye msumari, chini ya nyingine tatu. Mwandiko wa Fundi ulikuwa mkubwa, wa mtu asiyependa kuulizwa mara mbili. *Usukani umefanywa mzito kwa matakwa ya mteja. Kila atakayeendesha aambiwe kabla ya kutoka.* Chini yake, sahihi ya Daktari na tarehe ya Jumatatu.

Koplo alisoma juu ya bega la Inspekta. "Kumbe ipo."

"Ipo. Imekungoja siku sita."

* * *

Kwenye uwanja wa kituo, gari jekundu lilikuwa limefunikwa turubai. Bampa lilikuwa limekunjika na taa moja ilining'inia kwa waya wake, lakini magurudumu ya mbele yalikuwa mazima na injini iliwaka mara ya pili. Inspekta alichungulia kwanza: mafuta ya usukani yalikuwa kwenye alama, mkanda wa pampu umekaza, mipira mikavu, haivuji. Kisha akatia ndoano.

"Kilo sita. Andika, Koplo."

Akazima injini, akavuta tena.

"Kumi na saba. Andika. Tofauti ngapi?"

"Kumi na moja."

"Pampu iliyokufa inaweza kubeba kilo kumi na moja?"

Koplo hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na mvivu akibanwa hufikiri haraka. "Sawa, Daktari amedanganya kuhusu pampu. Lakini Fundi ndiye aliyelifanya zito, na mtu amekufa kwa uzito huo. Kesi si ni ile ile? Pampu tunafuta, tunaandika boksi. Saa nane inatukuta tayari."

Fundi aliangalia chini. Neno hilo lilikuwa na uwezo wa kumrudisha ndani, na wote watatu walilijua.

Inspekta alichukua maelezo ya Daktari akayasoma kwa sauti. "*Usukani ulikuwa laini kama siagi, kama nilivyouzoea. Nilipofika kona ya ghala ukanigomea ghafla.*" Akakunja karatasi. "Mrudishe Fundi, mpe chai ya moto. Kisha nipeleke nyumbani kwa Daktari, lakini usiingie. Anzia getini, uende mpaka ghalani."

Kutoka getini mpaka ghalani ni kilomita moja na robo. Barabara ilinyooka kama rula. Koplo aliendesha na Inspekta alimtazama mikono. Haikukata usukani hata mara moja mpaka ukuta wa ghala ulipotokea mbele, ukiwa bado na alama ya rangi nyekundu, na baraza tupu pembeni. Mtu alikuwa ameweka kitambaa juu ya cherehani iliyopinda.

"Simama. Hii ni kona ya ngapi tangu getini?"

"Ya kwanza."

"Basi huyo dereva alikuwa hajaugusa usukani wa maana mpaka hapa. Hakugomewa ghafla. Ulikuwa mzito tangu Jumatatu, ila yeye alikuja kuujua hapa." Aligeuka. "Koplo, mkeo akihamisha kabati chumbani ukiwa kazini, ukarudi gizani, itakuwaje?"

"Nitajigonga."

"Na ukiwa umelihamisha wewe mwenyewe?"

"Nitajigongaje na najua nimeliweka wa—" Macho ya Koplo yalirudi kwenye ukuta. "Daktari alijua. Aliweka sahihi. Alilizungusha mara mbili."

"Alijua. Lakini maneno haya ni ya mtu aliyekuwa hajui. Daktari ameyaazima tu."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu ambaye mikono yake imezoea siagi," alisema Inspekta. "Na ni dhaifu."

* * *

Sebule ya Daktari ilikuwa na kabati la vioo lililojaa vikombe vya mashindano ya magari. Kwenye picha zote aliyeshika kikombe alikuwa mwanamke mmoja yule yule, kijana, kofia ya dereva kwapani. Mwanamke huyo sasa alikuwa na miaka sabini na miwili na alikaa karibu na dirisha, blanketi magotini. Mwanawe alisimama katikati ya chumba, amevaa suti ya mahakamani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Inspekta," alisema Daktari, "si tunaonana mahakamani saa nane?"

"Nina swali dogo tu. Jumatatu ulipolitoa gari gereji, usukani ulikuwaje?"

"Laini. Kama kawaida."

"Na Alhamisi?"

"Laini, mpaka kwenye kona. Nimeshaandika yote haya."

"Umeandika." Inspekta alimgeukia mama wa Daktari. "Mama, naona humu ndani bingwa ni wewe. Gari lile ulikuwa unalikata vipi?"

Mkono wa kulia wa yule mama uliinuka wenyewe, kiganja wazi, ukachora duara hewani kama mtu anayefuta kioo. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi. "Kiganja tu. Vidole havikunjiki tena. Wengine wanasema usukani ule hauna ladha, lakini mimi ulinifaa. Ulikuwa unanisamehe."

"Mama, pumzika," alisema Daktari.

"Nimepumzika siku sita. Nimechoka kupumzika."

"Na Alhamisi," Inspekta aliuliza, "kiganja kilitosha?"

"Mama alikuwa amelala! Inspekta, hii ni nyumba ya watu, huwezi kuja hapa na kumhoji mzee—"

"Nyamaza," mama yake alisema, bila kupandisha sauti. "Huyu amekuja anajua. Humwoni alivyokaa?" Aliushusha mkono, akauweka juu ya blanketi kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Hakikutosha. Kiliteleza, usukani ukabaki pale pale. Nilipoleta mkono wa pili, yule binti alikuwa ameshaniona. Alinitazama. Alikumbatia cherehani akanitazama."

Inspekta aliandika mistari minne.

"Kwa hiyo mwanao akasema ni yeye."

"Akasema ni yeye. Sikumkataza. Aliniambia pampu imekufa, fundi ni mzembe, atajibu mwenye kosa. Nikasema kama kosa ni la fundi, mimi niende jela na vidole hivi kwa nini? Si vizuri, najua. Lakini ndivyo nilivyosema."

"Pampu ni nzima, Mama. Nimeipima leo."

Yule mama aligeuza kichwa polepole. Inspekta akaweka kadi juu ya blanketi. Daktari alipiga hatua moja kuelekea kwenye kadi ile, akakutana na macho ya Inspekta, akasimama.

"Miwani yangu."

Hakuna aliyesogea. Mwishowe Inspekta ndiye aliyemchukulia miwani kutoka dirishani. Yule mama alisoma mara ya kwanza midomo ikitikisika, mara ya pili bila kutikisika, kisha akapitisha kidole kilichovimba juu ya sahihi.

"Sahihi hii nilikufundisha mimi, kwenye meza ile pale. *Kwa matakwa ya mteja.* Mteja ni wewe?"

"Mama..."

"Nimekuuliza."

"Ni mimi."

"Ulitaka uwe mzito kwa ajili gani? Wewe hulipandi gari lile mpaka lioshwe."

Daktari alilegeza tai. Alipoanza kusema alimtazama Inspekta, kana kwamba kwa mgeni ni rahisi zaidi. "Amegonga geti mara mbili mwaka huu. Amegonga ukuta wa jirani. Nimemwomba aache, akaniambia alikuwa anashindana tangu mimi nikiwa tumboni mwake. Nikaficha ufunguo, akaita mtu akamchongea mwingine. Utamfanya nini mzazi wako? Utamnyang'anya kama mtoto? Nikasema likiwa zito atachoka. Ataliacha mwenyewe, na mimi nitajifanya kusikitika."

"Na kadi ilisema kila atakayeendesha aambiwe," alisema Inspekta.

"Ningemwambia, angelirudisha gereji siku hiyo hiyo. Jumatano usiku nililileta nyumbani, nikalilaza sura ikitazama geti ili nilitoe asubuhi nilipeleke kuoshwa, halafu aligundue tukiwa wote, uwanjani, aking'ang'ana nalo mahali pasipo na mtu. Aliniwahi."

"Na Fundi?"

"Ningemtafutia wakili. Mzuri."

"Wa kumtetea kwa kosa ulilombebesha wewe?"

Mama wa Daktari alikuwa ameshaliweka blanketi pembeni. Alisimama bila kushikwa, akajitengeneza mtandio mbele ya kioo cha kabati, mbele ya vikombe vyake vyote.

"Andika, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Niliendesha mimi. Nilikuwa peke yangu. Saa nne kasoro dakika tano. Andika kwamba nilinyamaza siku sita na nilikuwa na akili zangu. Fundi anapelekwa saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa?"

"Saa sita na nusu."

"Basi tunamkuta." Alifika mlangoni, akageuka. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika; mpaka sasa alikuwa anazungumza na polisi. "Na wewe unakuja. Fundi utamwomba radhi mbele yangu, na pingu zake zikiwa bado mkononi ili uzione vizuri. Kwa wazazi wa yule binti tutakwenda wote."

"Nitakuja," alisema Daktari. "Nitamwomba. Na wao nitawaomba."

"Na mimi?"

Daktari aligeukia kabati la vikombe.

"Umenitegea mtego ndani ya gari langu," alisema mama yake. "Ukaniacha nitoke nao getini, ukanifanya muuaji kwenye uzee wangu, kisha ukanidanganya siku sita ukiniletea chai kitandani. Mimi sitaki kupigiwa magoti. Nataka neno moja tu, hapa, kabla sijaingia gari la polisi."

Inspekta alifunga daftari lake. Daktari alimtazama mama yake, macho yamejaa machozi, mikono imekufa pembeni.

"Wewe sikuombi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilikuambia kwa upole, nikakuambia kwa hasira, nikakuambia mbele ya wajomba, ukanicheka. Ungenisikia siku moja tu, mara moja tu, yule binti angekuwa anashona sasa hivi. Nitakuja kukuona kila wiki, Mama. Nitakuletea dawa za vidole. Lakini radhi siombi. Sikuombi leo, na huko ndani usiisubiri."